Kutoka Kaunta ya Kanda hadi Jukwaa la Serikali: Hevi Metali ya Miaka ya 1980 Riyadh na Jeddah

Ukimuuliza mpenzi wa hevi metali wa Birmingham ni albamu ipi iliyo bora kuliko zote za miaka ya 1980, huenda akakutajia ile aliyoiona ikipigwa jukwaani. Mwenzake wa Riyadh au Jeddah wa rika lilelile hana jibu la namna hiyo. Yeye atakutajia ile iliyofika dukani. Kwa zaidi ya miaka 40 Wasaudia waliopenda muziki huu waliusikiliza bila kuuona ukipigwa hadharani na mabingwa wake katika miji yao, na muda wote huo waliubishania: ndani ya magari, katika istiraha za pembezoni mwa mji ambazo vijana hukodi mwishoni mwa wiki, na baadaye mtandaoni. Kuyafuata mabishano hayo ni kufuata vitu vilivyoamua nani asikie nini: kanda, wino wa mkaguzi, mpaka wa Bahrain, mahubiri, waya wa simu, na hatimaye hazina ya serikali.

Kabla ya 1980: mafuta, kuta na kanda

Vita vya Oktoba 1973 vilipandisha bei ya mafuta karibu mara nne katika miezi michache. Riyadh, mji wa Najd, eneo la katikati ya nchi, uliokuwa na nyumba nyingi za udongo hata kizazi kimoja nyuma, ukageuka uwanja wa ujenzi. Wakaja wahandisi wa Kimarekani na Kiingereza, walimu wa Kimisri na Kipalestina, vibarua wa Kiyemeni na Kikorea. Wazungu waliwekwa katika kompaundi zenye kuta ndefu, bwawa la kuogelea na taratibu zake. Ndani ya kuta hizo watoto wao walisikiliza kilekile kilichosikilizwa na wenzao Houston na Manchester. Kuta huzuia macho, lakini sauti hupita.

Jeddah ilikuwa habari nyingine. Ni mji wa bandari na mlango wa Makka, na watu wa pwani yetu wanaujua tangu enzi za mahujaji waliopanda meli Mombasa na Zanzibar. Mji uliopokea wageni kwa karne nyingi hujifunza kufumbia macho mengi. Ulikuwa na muziki wake wa Kihijazi na mafundi wake wa udi, na sauti za Talal Maddah na Mohammed Abdu zilisikika redioni na kwenye televisheni ya taifa, ingawa wanachuoni wengi wa Najd waliona ala za nyuzi ni haramu. Hili ni la kushikwa tangu mwanzo: marufuku ya muziki Saudia haikuwahi kuwa kamili. Ilikuwa ni suala la wapi, mbele ya nani, na nani anatazama.

Kisha kanda. Kampuni ya Philips iliitoa sokoni mwaka 1963, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 ilikuwa imeingia katika kila gari la Ghuba. Saudia haikuwa na sheria ya hakimiliki, kwa hiyo kunakili santuri ya mtu mwingine na kuiuza kaunta hakukuwa kosa. Kampuni za hapohapo zilinakili muziki wa Ulaya na Marekani kwa wingi, zikachapa majalada yao na kuuza kwa riyali chache. Nembo ya 747 ilijulikana nchini Saudia. Ya Thomsun, iliyotoka Imarati, ilienea Ghuba nzima. Msomaji wa Mombasa atakumbuka Mbwana Radio Service na kanda zake za taarabu, lakini kulikuwa na tofauti moja kubwa. Mbwana aliwarekodi waimbaji wenyewe. Hawa wa Ghuba hawakuwahi kukutana na mwenye wimbo, na mwenye wimbo hakupata hata senti.

Tarehe 20 Novemba 1979, asubuhi ya Muharram mosi wa mwaka 1400 wa Hijria, Juhayman al-Otaybi na wafuasi wake wenye silaha waliuteka Msikiti Mtakatifu wa Makka. Ilichukua wiki mbili kuwatoa, na Januari 1980 watu 63 wakauawa kwa upanga katika miji minane. Waasi walishindwa, lakini madai yao mengi yalitekelezwa na waliowashinda. Ufalme ulijilinda kwa kuwapa wanachuoni nafasi zaidi. Sinema ndogondogo zilifungwa, wanawake wakapunguzwa kwenye televisheni, na Kamati ya Kuamrisha Mema na Kukataza Maovu, ambayo watu wake huitwa mutawa, ikapata fedha na nguvu isiyokuwa nayo awali. Tamasha la hadharani la muziki wa kigeni likawa jambo lisilofikirika.

Maduka ya kanda hayakufungwa. Hapo ndipo hadithi yetu inapopata mlango wa kupitia.

1980 hadi 1985: wino mweusi juu ya jalada

Mwezi Aprili 1980, wakati Riyadh inajifunza taratibu mpya, Uingereza ilitoa albamu tatu ambazo hadi leo haziachwi nje ya mabishano yoyote: *British Steel* ya Judas Priest, *Heaven and Hell* ya Black Sabbath, na albamu ya kwanza ya Iron Maiden. Kabla ya mwaka kwisha zikafuata *Blizzard of Ozz* ya Ozzy Osbourne na *Ace of Spades* ya Motörhead. Judas Priest, Black Sabbath na Ozzy wote ni zao la Birmingham na vitongoji vyake, eneo la viwanda vya chuma, na chuma hicho kimo ndani ya sauti yenyewe. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana; baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize, na mlio mzito uliotokana na ulegevu huo ukawa msingi wa muziki mzima.

*Heaven and Hell* ilimleta Ronnie James Dio, Mmarekani mwenye asili ya Italia, mahali pa Ozzy, mwimbaji wa awali wa Sabbath. Dio ndiye aliyeeneza ile ishara ya vidole viwili vilivyosimama kama pembe, ambayo mutawa yeyote angeiona ni ibada ya shetani. Mwenyewe alisema aliipata kwa bibi yake, aliyeitumia kujikinga na kijicho. Hakuna Msaudia wala Mswahili ambaye angehitaji kuelezwa zaidi. Ni kinyume cha kuchekesha kwamba kinga ya husuda ya bikizee wa Kiitaliano ndiyo iliyokuja kuwa ushahidi wa kufuru katika nchi inayomwogopa sana mwenye jicho baya.

Majarida na kanda za kigeni zilipita mikononi mwa wakaguzi, na kalamu yao ya wino mweusi ilijulikana. Ilifunika mikono, mapaja na vifua vya wanawake juu ya majalada. Kwa hesabu hiyo bendi za metali zilikuwa na afueni kuliko waimbaji wa pop, kwani majalada yao yalijaa mafuvu, mazimwi na magofu kuliko wanawake. Maneno ya nyimbo yalikuwa kwa Kiingereza cha kupiga kelele, na mkaguzi aliyekuwa na kontena zima la kukagua hakuwa na muda wa kuketi na kusikiliza.

Wasaudia wa leo wasidhani hofu hiyo ilikuwa yao peke yao. Tarehe 19 Septemba 1985 Seneti ya Marekani ilifanya kikao kuhusu maneno ya nyimbo, baada ya wake wa wanasiasa wa Washington, Tipper Gore miongoni mwao, kuunda kikundi cha kudai onyo kwenye santuri. Orodha yao ya nyimbo 15 zilizowachukiza ilizitaja Judas Priest, Black Sabbath, Venom na Mercyful Fate. Matokeo yakawa kile kibandiko cha onyo kwa wazazi. Washington ilibandika karatasi, Riyadh ikapaka wino. Vijana wa pande zote mbili wakajua kwa namna ileile ni kanda ipi ya kutafuta.

Katika kipindi hiki albamu mbili za Iron Maiden ziligawa wasikilizaji, na zinawagawa bado. *The Number of the Beast*, iliyotoka Machi 1982, ndiyo iliyomtambulisha Bruce Dickinson na sauti yake ya king'ora. Ina nyimbo kali zaidi moja moja. Lakini ina mapengo, na wanaoitetea huwa wanatetea nyimbo nne na kunyamazia zilizobaki. *Powerslave* ya Septemba 1984 ilirekodiwa Nassau, visiwani Bahamas, na mtayarishaji Martin Birch. Jalada lake ni hekalu la Kimisri, na wimbo unaobeba jina la albamu unasimulia farao anayekufa huku akishangaa kwamba mungu naye anaonja mauti. Kwa msikilizaji aliyekua akisomewa habari za Firauni tangu madrasa, hiyo haikuwa ngano ya mbali. Wimbo wa mwisho unazidi dakika 13 na unatokana na shairi la Coleridge kuhusu baharia aliyemuua ndege. Mimi niko upande wa *Powerslave*, na sababu yangu ni ya kanda: ni albamu inayotaka isikilizwe upande mzima bila kurukwa, na kanda ya gari hairuki.

Metallica nao walikwenda kwa Firauni mwaka uleule. *Ride the Lightning*, ya Julai 1984, ina wimbo wa mapigo yaliyoishukia Misri, unaosemwa na malaika wa mauti mwenyewe. Vijana wanne wa California, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 20 na ushei, walikuwa wameharakisha metali ya Kiingereza kwa kasi ya punki, na mkondo huo mpya ukaitwa thrashi.

1986: mwaka wa kesi

Kila mabishano ya metali hatimaye hufika 1986, na hapo hukwama. Katika miezi minane zilitoka *Master of Puppets* ya Metallica (3 Machi), *Peace Sells... but Who's Buying?* ya Megadeth, na *Reign in Blood* ya Slayer (7 Oktoba). Mwaka huohuo Uswidi ikatoa *Epicus Doomicus Metallicus* ya Candlemass, metali ya mwendo wa jeneza, lakini hiyo ilibaki kwa wachache.

Wanaoisimamia *Master of Puppets* husema ni kitabu kizima. Ilirekodiwa Copenhagen chini ya Flemming Rasmussen, ina dakika karibu 55, na nyimbo zake nyingi zinazungumzia namna mtu anavyotawaliwa: na dawa za kulevya, na vita, na wahubiri wa televisheni, na hospitali ya wendawazimu. Ina besi ya Cliff Burton inayoimba badala ya kunguruma. Septemba 27 mwaka uleule basi la bendi lilipinduka Uswidi na Burton akafa, akiwa na miaka 24. Tangu hapo albamu hii ina uzito wa wosia, na ni vigumu kuibishia bila kuonekana unamsema maiti.

Upande wa pili wako watu wa *Reign in Blood*. Albamu hiyo haifiki hata nusu saa. Rick Rubin, aliyekuwa akijulikana kwa hip hop, aliondoa mwangwi wote uliokuwa mtindo wa wakati huo na kuacha ngoma na magitaa yakiwa makavu, karibu na sikio. Kwa kuwa ilikuwa fupi mno, kanda yake rasmi iliwekewa albamu nzima kila upande: ukiigeuza unaanza upya. Katika gari, kwenye barabara ndefu, maana yake ni kwamba haiishi. Sijui hoja nzito kuliko hiyo kwa upande wa Slayer, na ni hoja ambayo msikilizaji wa santuri au wa simu hawezi kuitoa.

Wanakili wa Ghuba, na wenzao wa kila mahali, walikuwa na mazoea ya kuijaza kanda. Nafasi ikibaki mwishoni, waliongeza nyimbo kutoka kwingine. Hivyo mtu angeweza kukua akiamini wimbo fulani ni wa albamu fulani, akaja kubishana miaka 20 baadaye na mtu aliyekulia Ulaya, kila mmoja akiwa mkweli kwa kanda yake. Hata *...And Justice for All* ya 1988, ambayo besi yake ni kama haisikiki kwa sababu ya namna ilivyochanganywa, ilikuwa mtego: mwenye nakala hafifu angedhani ubovu ni wa kanda, kumbe ndivyo ilivyotoka studio.

Mwishoni mwa 1986, tarehe 26 Novemba, Daraja la Mfalme Fahd lilifunguliwa, kilomita 25 juu ya bahari kutoka Khobar hadi Bahrain. Kwa mtu wa Riyadh, saa nne za barabara na kituo cha forodha vilimfikisha mahali penye sinema, hoteli zenye bendi na maduka ya muziki. Wahandisi waliolijenga walifikiria biashara na majeshi. Walijenga pia njia ya kanda, na baadaye njia ya kwenda kwenye matamasha.

1987 hadi 1998: kanda dhidi ya kanda

Nusu ya pili ya muongo ilizidisha kasi. Napalm Death walitoa *Scum* mwaka 1987, nyimbo 28, mmoja wao ukiwa wa sekunde moja na kidogo tu. Guns N' Roses walitoa *Appetite for Destruction* mwaka uleule; jalada lake la kwanza lilikataliwa na maduka ya Marekani kwenyewe, likabadilishwa kuwa msalaba wenye mafuvu matano. Kama hiyo ni metali au roki tu, ni ugomvi usio na hakimu. Mimi naiona roki iliyovaa nguo za metali, ila sitamfukuza barazani anayesema vingine.

Lakini Riyadh jambo kubwa la miaka hiyo halikuwa gitaa. Kanda ileile iliyobeba Slayer ilianza kubeba mahubiri, kwa wingi ambao wauzaji wa muziki hawakuuota. Kizazi kipya cha wanaharakati wa dini, wa vuguvugu la Sahwa, kiligundua kwamba hotuba ya Ijumaa ikirekodiwa haifi Ijumaa. Safar al-Hawali na Salman al-Awda wakasikika katika teksi na mabweni nchi nzima, na muziki ukawa miongoni mwa mambo yaliyokemewa. Vijana wa vyuo walihimizwa kuleta kanda zao za nyimbo na kuzibadilisha na za mawaidha. Teknolojia ile ndogo ya plastiki ikawa uwanja wa vita, pande zote mbili zikitumia silaha moja.

Agosti 1990 Saddam Hussein aliingia Kuwait, na wanajeshi wa Marekani zaidi ya nusu milioni wakaja Ghuba, wengi wao Saudia. Walikuja na redio zao na muziki wao, na rika lao lilikuwa lile la *Master of Puppets*. Kwa Hawali na Awda kuja kwao kulikuwa ushahidi wa kila walichokihubiri, na kanda zao zikawa za siasa. Septemba 1994 wote wawili wakatiwa ndani. Mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku madishi ya setilaiti, na paa za Jeddah zikaendelea kujaa madishi kama kwamba hakuna aliyesoma tangazo.

Pigo la kweli kwa kaunta ya kanda lilitoka kwa wanasheria, si kwa mutawa. Sheria ya hakimiliki ilianza mwaka 1990, na mwaka 1994 Saudia ikaingia katika mkataba wa kimataifa uliolinda kazi za wageni. Zama za 747 zikafifia. Kilichobaki kikawa ghali, na kilichokuwa ghali kikaanza kunakiliwa nyumba kwa nyumba.

1999 hadi 2011: bendi bila ukumbi

Mtandao ulifunguliwa kwa umma mwaka 1999, ukipitia chujio moja la serikali mjini Riyadh. Chujio lilitafuta ponografia na upinzani wa kisiasa. Faili ya wimbo ilipita taratibu, kwa waya wa simu, usiku kucha. Hapo ndipo mtu wa Jeddah alipogundua kwamba yuko mwingine Riyadh mwenye maoni ya kijinga kuhusu Megadeth, na kwamba anaweza kumwambia hivyo usiku huohuo.

Kutoka kubishana wakaingia kupiga. Mkoa wa Mashariki ulitangulia: Creative Waste walianza mwaka 2002 Qatif na mkondo wa graindikoo, watoto halali wa *Scum*. Jeddah ikawa na Wasted Land. Mwaka 2008 wasichana wa chuo mjini Jeddah waliunda The Accolade, bendi ya roki ya wanawake watupu, wakaweka wimbo wao mtandaoni, na gazeti la New York Times likawaandika mwezi Novemba. Hawakuweza kupiga hadharani wala kuonyesha nyuso kwenye jalada. Mazoezi yalikuwa nyumbani, kwa ruhusa ya wazazi, na huo ndio uliokuwa ukumbi wao.

Kompaundi za wageni zingeweza kuwa jukwaa, lakini usiku wa 12 Mei 2003 magari yenye mabomu yaliingia katika kompaundi tatu za Riyadh na kuua makumi ya watu. Baada ya hapo kila lango likawekewa vizuizi vya zege na wanajeshi, na kumwingiza rafiki Msaudia mwenye gitaa mgongoni kukawa jambo la maswali mengi.

Majirani nao walitoa funzo la hofu. Januari 1997 Misri iliwakamata vijana karibu 100 waliopenda metali, magazeti yakiwaita waabudu shetani. Machi 2003 mahakama ya Casablanca iliwafunga wapenzi 14 wa muziki huo, kabla rufaa haijawaachia wengi wao. Saudia haikuhitaji kesi kubwa kama hizo, mfano ulitosha. Hata hivyo Mei 2010 kituo cha MTV kilionyesha filamu kuhusu vijana wa Jeddah, ikiwamo bendi ya metali inayohangaika kutafuta mahali pa kupiga, na watatu kati ya walioonekana humo wakafunguliwa malalamiko mahakamani kwa kutangaza maasi hadharani.

Aliyetaka kuona jukwaa alisafiri. Tamasha la Dubai Desert Rock liliwaleta Megadeth 2006, Iron Maiden 2007 na Motörhead 2009. Metallica walipiga Abu Dhabi Oktoba 2011. Hapo ndipo mabishano yalipobadilika. Mtu aliyekuwa ameitetea albamu kwa miaka 20 kwa kusoma jalada sasa alikuwa ameona jasho la wapigaji, na aliporudi hakubishana tena kwa hoja zilezile.

2016 na kuendelea: serikali yanunua magitaa

Mwezi Aprili 2016 mambo mawili yalitokea kwa kufuatana. Baraza la mawaziri liliwanyang'anya mutawa uwezo wa kufukuza na kukamata watu, na Mwanamfalme Mohammed bin Salman akatangaza Dira ya 2030, mpango wa kuuondoa uchumi katika utegemezi wa mafuta. Mei ikaundwa Mamlaka Kuu ya Burudani. Sababu ilikuwa ya kihesabu kwanza: Wasaudia walikuwa wakimwaga fedha nyingi za starehe Dubai na Bahrain, na sehemu kubwa ya taifa ilikuwa vijana wa chini ya miaka 30. Fedha iliyokuwa ikivuka daraja ilitakiwa kubaki nyumbani.

Milango ilifunguliwa kwa kasi iliyowatisha hata waliokuwa wakiibisha. Januari 2017 Mohammed Abdu aliimba Jeddah. Mei mwaka huo Mmarekani Toby Keith akapiga gitaa Riyadh mbele ya wanaume watupu, Rais Trump alipokuwa mjini. Aprili 2018 sinema ikarudi. Oktoba 2018 mwandishi Jamal Khashoggi aliuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudia Istanbul, na tangu siku hiyo kila msanii wa nje anayepokea mwaliko wa Riyadh huulizwa swali moja. Wengine hukataa. Wengi huja, kwa kuwa malipo ni makubwa na hadhira ni ya kweli.

Tarehe 14 Desemba 2023 Metallica walipanda jukwaa la tamasha la Soundstorm, Banban, kaskazini ya Riyadh. Waliokuwa na miaka 15 *Master of Puppets* ilipotoka walikuwa sasa na 52 au zaidi. Ambao wangekamatwa kwa fulana ya bendi walikuja na watoto wao. Tarehe 23 Mei 2025 Guns N' Roses wakapiga Kingdom Arena, palepale Riyadh. Wiki sita baadaye, Julai 5, bendi hizo mbili zilikuwa Birmingham kumuaga Ozzy Osbourne katika tamasha lake la mwisho. Alifariki Julai 22, na kesi ya *Blizzard of Ozz* ikafunguliwa upya kila mahali yalipo masikio ya umri ule.

Afrika Mashariki nayo imeingia katika habari hii kwa njia yake. Nairobi imetoa Duma, watu wawili ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ukali wao unawafikia Napalm Death bila kuwaiga. Bendi za Kenya hupata baa na ukumbi kwa shida za kawaida za kodi na spika, si kwa hofu ya mahakama, na tofauti hiyo inasikika katika muziki.

Saudia ya sasa ina bendi zenye leseni. Seera, wanawake wa Riyadh, wanapiga roki yao ya Kiarabu mbele ya watu na majina yao yanajulikana. Lakini wapo Al-Namrood, walioanza Khobar mwaka 2008 na kujiita kwa jina la Namrudh, mfalme aliyemtupa Ibrahim motoni. Wanachanganya mlio mkali wa metali nyeusi ya miaka ya 1980 na maqamu na ala za Kiarabu, na wanaipinga dini waziwazi, jambo ambalo sheria ya nchi yao inaweza kuliadhibu kwa kifo. Albamu yao ya 2022 ilitolewa na kampuni ya Kanada, bila sura wala majina halisi. Hawajawahi kupiga hadharani nchini mwao.